UZI: Besi inavuma chumba cha pili, sofani haipo. Tupange spika za sebuleni kabla ya kununua wati nyingine

#1 Mpangaji_Sebule
Wakuu, habari za jioni. Naomba mwongozo kwa wajuzi.

Sebule ni mita 4.2 kwa 3.5, dari ya jipsamu iko mita 2.9 juu. Chini tailizi, kuta tofali na plasta. Spika mbili za rafu zenye wufa (spika ya besi) ya inchi 6.5, omu 8 (kipimo cha upinzani wa umeme), nyuma zimeandikwa 87 dB (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti). Ampu ya kizamani, wati 40 kila upande. Sabufa ya inchi 10 yenye ampu yake ndani. Spika zimebanwa kwenye kabati la TV, sabufa iko kona ya nyuma, sofa iko katikati ya chumba kwa sababu nyuma kuna meza ya chakula.

Matatizo matatu: sebene ikipigwa, besi inatikisa chumba cha pili ila sofani haipo; taarifa ya habari maneno hayashikiki; na kuna mvumo usioisha hata muziki ukisimama. Ninunue ampu kubwa au nibadili spika?

#2 OmuNane
Usinunue chochote, mkuu. Tuanze na hesabu ya wati maana ndiyo inayowaliza wengi.

87 dB maana yake spika ikipewa wati 1, ukiwa mita 1 mbele yake, unapata 87. Kila ukizidisha wati mara mbili unaongeza 3 dB tu. Wati 2 ni 90, wati 4 ni 93, 8 ni 96, 16 ni 99, 32 ni 102. Sofani utapoteza kama 6 hivi kwa sababu ya umbali, spika ya pili inakurudishia karibu 3. Bado unakaribia 100, na hapo mwenye nyumba ameshagonga mlango. Ukinunua ampu ya wati 80 unaongezewa 3 dB. Utazisikia, lakini hazitaleta besi sofani wala hazitasafisha maneno.

Na wanaosoma uzi huu wakijiandaa kwenda dukani: namba ya PMPO (wati za kilele za kutangazia) iliyochapwa kwenye boksi isomeni kama pambo. Geuza mashine nyuma, tafuta kibandiko cha umeme inaokula. Ikiandikwa 60W, basi haiwezi kutoa wati 60 mfululizo, maana sehemu ya umeme huo inaishia kuwa joto. Inayokuhusu ni RMS (wati inazotoa mfululizo), tena iliyotajwa pamoja na omu zake.

#3 BiTwita
OmuNane kamaliza la wati. Mimi nachukua upangaji, ndiko ugonjwa ulipo.

Kwanza sofa. Kila chumba kina masafa yake ya besi yanayojirundika baina ya kuta. Gawa 343 (mwendo wa sauti kwa sekunde, kwa mita) kwa urefu mara mbili: 343 ÷ 8.4 ni kama 41 Hz (mitetemo kwa sekunde). Upana wako unatoa 49, kimo 59. Kwa yale ya 41 Hz, besi inajaa ukutani mbele na nyuma, na katikati kabisa ya chumba inakufa. Sofa yako umeiweka pale pale inapofia. Chumba cha pili kinatikisika kwa sababu besi ipo, ila haipo ulipokaa wewe. Hakuna ampu ya kutibu hilo, ukiongeza nguvu unaongeza kelele ukutani tu.

Rudisha sofa nusu mita nyuma, iwe mita 1.6 kutoka ukuta wa nyuma. Meza ya chakula isogee pembeni. Usiende hadi kubandika sofa ukutani, huko besi itazidi na kuwa uji. Upande wa upana huna ujanja, lazima ukae katikati ili spika mbili zilingane.

Pili, toa spika kwenye kabati. Kabati linafanya kazi ya boksi la pili: linavuma lenyewe kati ya 100 na 250 Hz, na ndiyo maana sauti za kiume zinakuwa nzito bila herufi. Tengeneza stendi za mbao au chuma. Kimo chake pima hivi: kaa sofani kama unavyokaa siku zote, mtu akupimie kutoka sakafuni hadi sikioni (kwa wengi ni sentimita 95 hadi 105), toa kimo cha twita (kile kispika kidogo cha sauti za juu) kutoka kitako cha spika. Kilichobaki ndicho kimo cha stendi. Kwa spika za rafu za inchi 6.5 mara nyingi kinaangukia 65 hadi 75.

Tatu, nafasi. Spika kwa spika mita 2 hadi 2.2, kila moja iwe umbali uleule kutoka ukuta wa pembeni. Kutoka kila spika hadi kichwani kwako iwe mita 2.4 hivi. Tumia futi kamba, usitumie jicho; tofauti ya sentimita 10 inatosha kuvuta mwimbaji upande mmoja. Zigeuze kidogo zikuelekee, uone ubavu wa ndani wa boksi kwa mbali tu.

Nyuma acha nafasi. Sauti inayorudi kutoka ukuta wa nyuma ya spika inafuta masafa fulani: gawa 86 kwa umbali kwa mita, kuanzia uso wa spika hadi ukutani. Nusu mita inafuta karibu na 172 Hz, sentimita 40 karibu na 215. Hutaondoa shimo hilo, unalihamisha tu, na kadiri linavyopanda juu ndivyo zulia, pazia na vitabu vinavyoweza kulipunguza. Spika ikiwa na tundu la hewa nyuma, usiisogeze karibu ya sentimita 20 na ukuta.

#4 Mpangaji_Sebule
Asante dada. Na mwangwi? Nikipiga makofi nasikia kama "trrring" fupi.

#5 BiTwita
Hiyo ni sauti inayocheza ping-pong kati ya kuta mbili tupu, au kati ya tailizi na jipsamu. Zulia nene kati ya spika na sofa, lisipungue mita 2 kwa 1.5. Pazia zito lenye mikunjo dirishani. Ukuta wa nyuma ya sofa weka rafu ya vitabu isiyopangwa sawasawa. Kisha piga makofi tena ukiwa umekaa, si ukiwa umesimama mlangoni.

#6 Chuma_cha_Reli
Bati (trei) za mayai mkuu, bandika ukuta mzima. Bei rahisi, studio nyingi za mtaani zimebandika.

#7 BiTwita
Ndugu yangu, bati la mayai ni karatasi nyembamba. Linapunguza kidogo sauti za juu, za kati na besi zinapita kama halipo. Matokeo yake chumba kinakuwa kiziwi juu na kinanguruma chini. Tena linashika moto haraka na mende wanalipenda.

Kinachonyonya ni unene wenye nyuzi au vitundu vinavyopitisha hewa. Fremu ya mbao sm 60 kwa 120, kina sm 10, jaza sufu ya madini. Wauzaji wa vifaa vya vyumba vya baridi na viyoyozi wanayo. Vaa glavu na barakoa unapoikata. Usipoipata, sufi ya mito inafanya kazi, ila ishone kwa vyumba kama godoro isije ikashuka yote chini. Funika kwa kitambaa kinachopumua: weka mdomo, puliza, hewa ikipita bila kulazimisha kinafaa. Khanga nyingi zinafaulu, ngozi bandia ya makochi haipiti. Fremu mbili pembeni, pale ambapo mtu akitembeza kioo ukutani wewe sofani unaiona twita. Mbili nyuma ya sofa. Acha sm 5 hadi 10 za hewa kati ya fremu na ukuta.

#8 Nyaya_na_Koleo
Kabla hajahamisha sofa akague nyaya. Besi kukosekana katikati ni dalili ya kawaida pia ya spika moja kufungwa kinyume, chanya kwenye hasi. Koni moja inasukuma wakati nyingine inavuta, besi zinafutana, na sauti ya mwimbaji haina makao.

Kipimo: chomoa waya upande wa ampu, chukua betri ya redio ya 1.5V, gusisha chanya ya betri kwenye waya unaodhani ni chanya na hasi kwenye mwingine, sekunde moja tu. Koni ya wufa ikiruka mbele, uko sawa. Ikirudi ndani, geuza. Fanya spika zote mbili. Usimguse twita moja kwa moja kwa betri, koili yake ni nyembamba mno.

Waya: kwa mita 5 huhitaji kebo ya mamilioni. Shaba ya 1.5 mm² kwa mita 5, kwenda na kurudi, ina omu 0.12 hivi. Kwa spika ya omu 8 hiyo ni kama asilimia moja na nusu. Ile nyembamba ya 0.75 inafika 0.23, bado inavumilika kwa omu 8 lakini kwa omu 4 panda hadi 2.5. Chukua ya nyuzi nyingi laini, siyo ule mgumu wa nyuzi moja wa kupitisha kwenye paipu. Kwangua kwa wembe: ikiwa ndani ni nyeupe, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na upinzani wake unazidi shaba kwa kama mara moja na nusu. Basi nunua saizi moja juu.

Pindisha nyuzi zote vizuri kabla ya kuingiza kwenye skurubu. Unywele mmoja wa shaba ukigusa kituo cha jirani, ampu ya kizamani haina ulinzi, transista zinaondoka.

#9 Mwanabesi
Sabufa sasa. Hiyo kona ya nyuma inapandisha besi zote lakini kwa fujo, na ikiwa nyuma yako sikio linaitambua ilipo.

Njia ya kuipatia mahali: iweke sofani pale unapokalia, kweli juu ya sofa. Piga wimbo wenye gita la besi linalopanda na kushuka, sebene ndefu inafaa kuliko bongofleva yenye besi ya noti moja. Wewe tambaa chini, kichwa kiwe kimo cha koni ya sabufa, pitia ukuta wa mbele wote na nusu ya kuta za pembeni. Kuna mahali noti zote zitasikika kwa uzito uliokaribiana. Weka alama ya chaki. Sabufa ikae hapo. Kwa chumba chako nategemea mahali pamoja ukuta wa mbele, nje kidogo ya katikati, ila masikio yaamue.

Ampu yako haina njia ya sabufa, kwa hiyo spika zitaendelea kupiga masafa yao yote. Hapo kitufe cha mkato cha sabufa (masafa inapoishia kupiga) anza na 60 Hz, kwa sababu wufa za inchi 6.5 zenye tundu zinashuka mpaka 55 hivi zenyewe. Kipandishe polepole mpaka shimo kati ya sabufa na spika lijazike, acha kabla sauti ya mtangazaji wa kiume haijaanza kutoka kwenye sabufa. Mwenye risiva ya kisasa ni tofauti: kwenye menyu spika ziandikwe Small, mkato 80 Hz, na kitufe cha sabufa yenyewe kiende mwisho juu ili mikato miwili isipandane.

Halafu swichi ya PHASE. Piga sauti ya mfululizo ya masafa ya mkato wako, programu za kutoa toni zipo tele kwenye simu. Mtu ageuze 0 na 180 wewe ukiwa sofani. Ile yenye besi zaidi ndiyo sahihi. Baada ya hapo punguza sabufa mpaka unapoizima ndipo unagundua ilikuwepo. Wengi wetu tunaiweka juu mno, tuseme ukweli.

#10 Chuma_cha_Reli
Mwanabesi, besi isiyosikika ni besi gani sasa? 😂 Mtaani kwetu sabufa lazima kioo cha dirisha kijibu.

#11 Mwanabesi
Kioo kikijibu unasikiliza kioo, kaka. Kitafutie mpira wa dirisha.

Kwa wanaotaka kupima: kuna Room EQ Wizard, programu ya kupima sauti ya chumba, inapakuliwa bure, ukiwa na maikrofoni ya kupimia kama UMIK-1 unaona kila mlima na bonde. Maikrofoni ya simu chini ya 80 Hz haiaminiki kwa namba, lakini kwa kulinganisha sehemu A na sehemu B ndani ya chumba kilekile inasaidia. Kompyuta ya Windows inayopiga muziki, weka Equalizer APO, programu ya kupandisha na kushusha masafa. Shusha milima tu. Ukiona bonde la 41 Hz usilipandishe kwa 10 dB, maana hizo ni wati mara kumi na bonde halitajaa, koili ndiyo itakayopata moto.

#12 Nyaya_na_Koleo
Mvumo. Una aina mbili, zisikilize. "Mmmm" laini wa chini ni 50 Hz, mara nyingi ni mzunguko wa ethi. "Zzzz" wenye makali ni 100 Hz na kupanda, mara nyingi kapasita za kuchuja umeme ndani ya ampu zimechoka.

Tenganisha hivi. Chomoa viingizio vyote vya nyuma ya ampu, acha spika tu. Mvumo ukibaki, ni ampu, mpelekee fundi akague kapasita kubwa mbili za kwenye pawa sapulai. Zilizovimba kichwa zinabadilishwa kwa µF ileile, volti ileile au zaidi. Usizifungue mwenyewe, zinashika chaji hata plagi ikiwa mkononi.

Mvumo ukipotea, rudisha waya mmoja mmoja. Kwa nyumba yenye dishi mhalifu mkuu ni waya wa dishi: chomoa ule wa duara nyuma ya dekoda. Ukimya ukija, ethi ya dishi na ethi ya soketi zinazungushana kupitia waya wa sauti. Tiba: TV, dekoda na ampu vyote kwenye ekstensheni moja. Ikishindikana, kama ampu ina mlango wa optiko tumia optiko, waya unaobeba sauti kwa mwanga na haupitishi umeme. Ampu ya kizamani haina, basi nunua kibadilishi kidogo cha optiko kwenda RCA (zile plagi nyekundu na nyeupe), au transfoma ya kutenganisha ya RCA.

Kuna mafundi wanaokata mguu wa ethi kwenye plagi ili mvumo uishe. Unaisha kweli. Siku transfoma ikivuja, bodi la ampu linakuwa na 230V na wa kwanza kuligusa ni mtoto.

#13 Mpangaji_Sebule
Nimeweka kibadilishi cha optiko, mvumo kwisha, ila sasa chaneli nyingine zina sauti, nyingine kimya kabisa. Wimbo wa simu kwenye TV unatoka.

#14 Nyaya_na_Koleo
TV inatuma Dolby (sauti ya kidijitali iliyobanwa) na kibadilishi chako kinajua PCM (isiyobanwa) tu. Mipangilio ya sauti ya TV, sehemu ya sauti ya kidijitali inayotoka, chagua PCM. Dekoda nayo iangalie, ina mpangilio wake. Midomo ikitangulia sauti au sauti ikitangulia midomo, kuna kipengele cha kuchelewesha kwa milisekunde, cheza nacho hatua ya 10 au 20.

#15 Pwani_Moja
Salaam kwenu. Huku tulioko karibu na bahari, mzunguko wa sponji wa kwenye wufa unaoza na kubomoka ukiugusa, koni bado nzima. Kutupa?

#16 BiTwita
Usitupe. Joto na unyevu vinaua sponji, ndiyo maana ukinunua nyingine tafuta ya mpira. Pima kipenyo cha nje na cha ndani cha mzunguko, agiza ya saizi hiyo. Kwangua gundi ya zamani yote, futa kwa spiriti. Gundisha kwanza kwenye koni, iache ikauke. Kabla ya kugundisha kwenye chuma, hakikisha koili iko katikati: piga toni ya 30 Hz kwa sauti ndogo huku gundi ikiwa mbichi, sogeza koni kwa vidole mpaka mkwaruzo upotee, bana kwa vibanio vya nguo pande zote. Siku nzima bila kuigusa. Kwenye vituo vya waya, chumvi inaleta kutu ya kijani: kila baada ya miezi michache fungua, kata ncha, menya upya. Na matundu ya hewa ya ampu yawekee wavu wa mbu kwa mbali kidogo, usibane hewa. Mjusi akilala juu ya ampu penye joto akaingia ndani, anaunganisha nyaya mbili za bodi na wote wawili mnapoteza.

#17 Fundi_wa_Mbao
Mimi nina wufa ya inchi 10 tupu nataka kuijengea boksi lenye bomba la PVC. Bomba liwe urefu gani?

#18 Mwanabesi
Kwanza karatasi ya spika, ile ya vipimo vya kiwandani. Qts (kipimo cha jinsi koni inavyojizuia kutetema) ikiwa kati ya 0.3 na 0.45 jenga boksi la bomba. Ikizidi 0.6, fanya boksi lililofungwa, bomba litaharibu. Hii ndiyo inawashinda wanaohamisha wufa za gari kuja ndani bila kuangalia. WinISD ni programu ya bure, ingiza Vas, Qts na Fs kutoka karatasi hiyo, itakuonyesha lita ngapi.

Tuseme imesema lita 50 na bomba litetemeke kwa 32 Hz. Fomula ya bomba la duara, kwa sentimita na lita: 23,562 mara kipenyo kwa kipenyo, gawa kwa (Hz mara Hz mara lita), toa 0.73 mara kipenyo. Bomba la inchi 4 pima kwa ndani, tuchukue sm 10: 2,356,200 ÷ (1024 × 50) ni 46, toa 7.3, unapata sm 38.7. Unene wa mbao umo humo.

Vipimo vya ndani: upana 34, kina 36, kimo 48. Hiyo ni lita 58.7. Bomba linakula karibu 3.7, wufa 2 hadi 3, mbao za kukazia 1.5, inabaki 50 na kitu. Wufa mbele, bomba litokee chini upande wa nyuma likiwa limesimama, libakishe sm 10 au 11 kutoka juu. Miguu sm 10. Tumia MDF ya mm 18, gundi ya mbao na skurubu kila sm 15, kisha silikoni kwenye pembe zote za ndani. Kabla ya kufunga wufa acha silikoni ipoteze harufu, mvuke wake unakula gundi za spika. Kingo za MDF zilizokatwa zipake rangi au vanishi mara mbili, unyevu ukiingia inavimba kama mkate.

Ukikata bomba, kata refu kwa sm 2 kwanza. Kupunguza ni rahisi.

#19 Fundi_wa_Mbao
Safi sana. Chini ya hiyo 32 je?

#20 Mwanabesi
Chini ya hapo bomba halibani tena koni, inaruka ovyo mpaka koili inagonga chuma. Kama ampu ina kichujio cha kukata chini, kiweke 26 hadi 28 Hz. Kama haina, usipige filamu za milipuko kwa sauti kubwa.

#21 Mpangaji_Sebule
Swali la mwisho. Naweza kuongeza spika mbili za jikoni kwenye ampu hii hii?

#22 OmuNane
Jikoni na sebuleni kwa pamoja, omu 8 mbili sambamba ni omu 4 kila upande. Soma nyuma ya ampu: ikiandikwa "4–16" unaweza, ikiandikwa "8–16" usithubutu. Ukizifunga kwa mfululizo unapata 16, salama kwa ampu, ila sauti inapungua na spika zikitofautiana aina, moja inamnyang'anya mwenzake. Mimi ningeweka jikoni ampu ndogo yenye chipu ya TPA3116 kwa chaja ya laptopu ya volti 19. Chipu hiyo inavumilia mpaka 26, na kwa omu 8 utapata kama wati 20 kila upande. Jikoni hazitakwisha hizo.

#23 Mpangaji_Sebule
Shukrani wakuu. Nimepima kwa betri, ya kushoto ilikuwa kinyume.

#24 Nyaya_na_Koleo
Tia alama ya wino mwekundu kwenye ncha ya chanya, pande zote mbili za waya, ukizifungua kufanya usafi usirudi mwanzo. Kisha ndiyo uhamishe sofa.